Kichocho Ambacho Hakionekani Kwenye Mkojo

Mhadhara kwa wavuvi na wakaushaji wa samaki, kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Albert, wilaya ya Buliisa, Uganda

Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji chetu, wazee wetu, mama zangu mliokuja na beseni za muziri, hawa samaki wetu wadogo, kwa sababu jua halingoji mtu, vijana mliotoka ziwani alfajiri na bado hamjalala: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nashukuru tumekubaliana kuongea Kiswahili. Hapa wapo Wagungu, wapo Waalur, wapo ndugu zetu waliovuka kutoka ile milima ya Kongo tunayoiona pale, na lugha tunayouziana samaki sote ni hii. Lakini ni lugha hii hii iliyotuchanganya katika jambo la leo.

Neno lenyewe ni kichocho. Tulilipokea kutoka pwani. Kule Unguja na Pemba, mtu akitaja kichocho anamaanisha kukojoa damu. Mtoto akikojoa mkojo mwekundu, mama yake anajua la kufanya. Sasa mvuvi wa hapa anasikia tangazo la kichocho, anautazama mkojo wake, anauona safi, anasema: mimi sina. Mwaka unaofuata anatazama tena, safi. Anaishi hivyo miaka kumi, na miaka yote hiyo minyoo wamo mwilini.

Minyoo wa kichocho ni wa aina zaidi ya moja. Yule wa pwani hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, ndiyo maana damu hutokea kwenye mkojo. Uganda naye yupo, ila sehemu chache, hasa upande wa Lango. Wa kwetu sisi wa Ziwa Albert, wa Nile kule Pakwach, wa Ziwa Victoria na visiwa vyake, hukaa kwenye mishipa ya matumbo. Wataalamu humwita Schistosoma mansoni. Mayai yake hutoka na choo kikubwa. Mimi nimekaa miaka mingi maabara nikiyatazama mayai hayo kwa hadubini: yai la mnyoo wetu lina mwiba mmoja ubavuni, umechomoza kama mwiba wa mti. La yule wa pwani, mwiba uko mkiani. Ndivyo tunavyowatofautisha. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unacho, lete choo kikubwa kipimwe. Mkojo ukiwa mweupe hautuambii kitu.

Nieleze anavyoingia, maana hapa pana maneno mengi mwaloni.

Mtu aliyeambukizwa akijisaidia ufukweni au kwenye majani, mvua huusomba uchafu ule mpaka ziwani. Yai likiguswa na maji baridi ya ziwa hupasuka, na kidudu hutoka kikiogelea. Hakina muda. Kina siku moja tu hivi ya kumtafuta konokono, tena si kila konokono. Ni yule mdogo, bapa, aliyejizungusha kama kamba iliyokunjwa, anayekaa kwenye magugu pale mnapofulia. Kisipompata, kinakufa. Kikimpata, kinaingia na kuzaana ndani yake kwa wiki nne, tano, sita. Baada ya hapo konokono yule mmoja anaweza kuanza kumwaga vidudu vipya majini kwa maelfu.

Vidudu hivi vipya ndivyo vinavyotutafuta sisi. Vina mkia, vinaogelea, na mwanga wa jua ndio unaovitoa. Jua linapopanda kuelekea saa sita mchana, ndipo vinapokuwa vingi zaidi majini. Fikirini ni nani yuko majini saa sita. Mama anafua. Watoto wanaogelea. Mwingine anasuuza samaki. Kidudu kinagusa ngozi nzima, isiyo na kidonda, kinaingia kwa dakika chache, na mkia kinauacha nje. Pengine utawashwa kidogo, pengine hutasikia chochote. Kinafuata damu, kinapita mapafu, kinafika ini, na hapo ndipo kinakua mnyoo wa urefu wa sentimita moja hivi. Dume na jike hukutana, dume humkumbatia jike kwenye mfereji ulio mwilini mwake, na wakaenda pamoja kwenye mishipa ya utumbo kukaa huko kwa miaka.

Kwa hiyo, mama zangu, kichocho hakitokani na kula samaki. Hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kushikana mikono wala kwa kulala kitanda kimoja. Na minyoo hawazaani ndani yako wakaongezeka kama funza. Kila mnyoo uliye naye aliingia mwenyewe kupitia ngozi yako, siku fulani uliyokuwa majini.

Jambo ninaloomba mlishike sana ni kwamba kinachotuua si mnyoo mwenyewe, ni mayai. Jike hutaga mayai mamia kila siku. Mengine hutoka na choo. Lakini karibu nusu hayatoki. Yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, yananasa humo, na mwili unayazungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka juu ya mwaka, mpaka damu iliyokuwa ikipita kwenye ini inakosa njia. Bandama inavimba. Tumbo linajaa maji. Damu iliyozuiwa inatafuta mlango mwingine, inajaza mishipa iliyo kwenye njia ya chakula, na siku moja mishipa hiyo inapasuka. Mtu aliyekula vizuri jioni anatapika damu usiku.

Baba yangu mdogo alikufa hivyo. Alikuwa mvuvi. Tumbo lilipoanza kujaa, watu walisema amerogwa, kuna mtu amemwonea wivu kwa sababu ya mtumbwi mpya. Tukauza mbuzi, tukampeleka kwa mganga, kisha kwa mwingine. Kwenye kituo tulikompeleka mwisho walitibu vidonda vya tumbo, choo chake hakikupimwa. Nilikuwa kijana, sikujua la kuuliza. Ugomvi ule wa uchawi ulitenganisha nyumba mbili za ukoo wetu, na hadi leo wapo wasiosalimiana. Nasema haya kwa sababu natazama hapa na naona matumbo mawili au matatu ambayo yananikumbusha yeye. Tafadhali, msiende mbuzi kwa mbuzi. Njooni.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Tangu 2003 nchi yetu ina mpango wa kuigawa bure. Tunajua inakataliwa, na sababu zake ni za kweli: vidonge ni vikubwa, vichungu, mtu mzima anaweza kupewa vinne au vitano kwa mpigo, na ukivimeza na njaa utapata kizunguzungu na kichefuchefu. Mwenye minyoo wengi tumbo humkata, kwa sababu minyoo wanakufa ndani yake. Watu wakaona hayo, wakasema dawa ni sumu. Dawa hii inataka chakula. Kumwita mvuvi aliyekesha ziwani ameze vidonge vitano bila hata kikombe cha uji ni kumkosea.

Tena dawa huua minyoo waliokomaa. Wale walioingia wiki mbili tatu zilizopita huiponyoka. Na haikukingi: ukimeza leo na kesho ukaingia ziwani, umeanza kukusanya upya. Ndiyo maana tunarudi kila mwaka.

Watoto wadogo tuliwaacha nje kwa muda mrefu, kana kwamba mtoto wa miaka mitatu haogeshwi ziwani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua ushauri wake: sasa ni kuanzia miaka miwili. Mama anayenyonyesha anameza, na mjamzito pia, baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Kuhusu vyoo sitawalaumu. Nimeona shimo likichimbwa hapa, maji yakatokea kabla halijafika kiunoni, na mchanga ukaporomoka usiku ule ule. Choo cha mwaloni lazima kiinuliwe na kijengwe kwa tofali, na hiyo ni fedha. Mwenyekiti, ushuru wa samaki unalipwa hapa kila siku. Watu hawa wana haki ya kuuliza sehemu gani ya ushuru huo inarudi kama choo.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: nitakaushaje samaki bila kugusa maji? Mama, huwezi, na mtu akikuambia uache atakuwa anakuambia uache kula. Yanayowezekana ni haya. Maji ya kuoga watoto, yateke leo, yakae kwenye jerikani siku mbili bila konokono wala magugu, na vidudu vitakuwa vimekufa. Au yachemshe. Kwa yale usiyoweza kuyakwepa, meza dawa kila mwaka, wewe na mtoto unayembeba mgongoni unapoinama majini.

Wahudumu wa afya wa kijiji wako pale chini ya mwembe na fimbo ya kupimia urefu, inayoonyesha kila mtu anameza vidonge vingapi. Uji umeiva, na upo wa kutosha. Tuanze na waliokesha ziwani, wanywe, wameze, wakalale.