Injini ya rota ikichemsha: jinsi ya kubadilisha sili za maji

Mbukwenyi ndugu zangu! Leo tuko Kizota hapa Dodoma, na hii iliyoko mezani ni Mazda 13B. Rota mbili, yaani vipande vya pembetatu vinavyozunguka ndani, lita 1.3, pistoni haina hata moja. Tuliitoa kwenye gari tukaifunga kwenye ndege ndogo tunayoijenga wenyewe. Siku ya kuitembeza chini ikachemsha, njia ya hewa ya kwenda kwenye rejeta ilikuwa nyembamba.

Kufungua siwachoshi: mwaga oili, mwaga maji, toa flaiwili, legeza bolti ndefu kwa zamu, kidogo kidogo. Tayari.

Mdogo wangu, leta kamera karibu. Karibu zaidi. Mnauona huu mpira mwembamba? Ndiyo sili ya maji, inazuia maji ya kupoza yasiingie kwenye moto. Upande wa huku bado laini. Hapa kwenye plagi, nikibonyeza kwa kucha... umekatika kama tambi kavu. Kwenye injini hii moto unawaka upande uleule siku zote, na ganda la rota ni alumini limebanwa katikati ya pleti za chuma. Joto likizidi, alumini inatanuka kuliko chuma, mpira unaumia. Ndiyo maana mlikuwa mnaona mapovu kwenye rejeta, na asubuhi moshi mweupe.

Sili za ncha, zile za kwenye pembe za rota, tatu kwa kila rota, nimezipima, zimepona. Tuendelee.

Laza rula ya chuma kwenye pleti, pitisha chini yake fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.04. Ikipita, pleti imepinda, usiirudishe. Hii haipiti.

Sasa nisikilizeni vizuri. Safisha mfereji inamokaa sili, paka vaselini kiasi cha kuishika sili isidondoke. Mimi napenda ile isiyo na harufu. Laza sili bila kuivuta. Ukiivuta itarudi baadaye, na hapo ndipo inapotoka mfereji. Halafu shusha ganda moja kwa moja, watu wawili, msilitembeze pembeni. Mara ya kwanza nilishusha peke yangu, sili ya ndani ikabanwa, sikuiona. Nilifunga kila kitu, nikawasha, moshi uleule. Nikafungua upya na kuagiza sili nyingine Dar.

Subirini, upepo huo! Funga mlango, vumbi limeingia kwenye mfereji. Nafuta, naanza upya. Usiseme ni chembe moja tu.

Narudia: msivute, na msishushe peke yenu. Gari ikichemsha barabara ya Singida unapaki chini ya mbuyu. Angani hakuna pa kupaki.

Bolti kaza kwa awamu, kwa mpangilio wa kitabu chake. Kabla ya kuirudisha kwenye ndege, jaza maji, pampu hadi bar moja, acha ilale. Jana saa mbili usiku mshale wa geji ya presha ulikuwa kwenye moja. Sasa ni saa moja asubuhi, tazameni: uko palepale. Njia ya hewa ya rejeta nimeshaipanua. Haya, shikeni upande huo, tuinyanyue.