Onyo lipi lihesabiwe? Kuchuja kelele za logi katika majaribio ya draiva za michoro

Asanteni kwa kufika. Tuanze na mstari mmoja:

4,1532,98213345,-;usb usb2: root hub lost power or was reset

Hivi ndivyo /dev/kmsg, faili la kusomea logi ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, inavyotoa ujumbe. Baada ya namba ya kwanza inafuata namba ya mfuatano, kisha muda kwa mikrosekunde, kisha alama. Ujumbe wenyewe uko baada ya nukta-mkato. Namba ya kwanza imebeba mambo mawili. Igawe kwa 8: baki ni ngazi ya uzito, 0 ikiwa dharura na 7 maelezo ya kusaka hitilafu, hisa (jibu la kugawa) ni aliyeandika, 0 kerneli, 1 programu za kawaida. Kwa hiyo 14 ni programu inayotoa taarifa ya ngazi ya 6. Kichujio kisichogawa kitakosea tangu mwanzo.

Katika IGT GPU Tools, mkusanyiko wa majaribio zinakojaribiwa i915 (draiva ya michoro ya Intel) na draiva nyinginezo, igt_runner, programu inayoendesha majaribio hayo, huhesabu ngazi ya 4 na zilizo nzito zaidi. Jaribio lililofaulu likiwa na mstari kama huo huandikwa dmesg-warn, na lililoshindwa dmesg-fail. Sasa, jaribio la kulaza na kuamsha kompyuta huamsha pia USB, ACPI (inayosimamia umeme wa kompyuta) na kadi ya mtandao, na kila kimoja kinaweza kulalamika. Majaribio hayo yakiwa dmesg-warn kila siku, watu huacha kuyaangalia, na siku onyo la kweli likija linapita mbele ya macho yao.

Njia moja ni kuhesabu tu mistari yenye `[drm:`, `drm_`, `intel_` au `i915_`. Siipendi. Kosa la draiva mara nyingi hulia kwa sauti ya jirani: `possible circular locking dependency detected` ni mstari wa mkaguzi wa kufuli (sehemu ya kerneli inayochunguza mpangilio wa kufuli zinazolinda data), na hautaji i915 popote, ingawa kufuli iliyokosewa inaweza kuwa ya draiva. Afadhali tuhesabu kila kitu, kisha tuondoe kile tu tunachokijua.

Kinachoondolewa kiandikwe kwa ruwaza finyu: `usb usb[0-9]+: root hub lost power or was reset`. Namba ziachwe huru, maneno yafungwe. Mtu akiandika `usb.*` kwa haraka, amefukia na hitilafu za miaka ijayo. Na mstari kama `Resetting chip for stopped heartbeat on rcs0` ni halali pale jaribio linapoigandisha GPU (kichakataji cha michoro) kwa makusudi. Ukitokea ndani ya kms_flip, jaribio la kubadilisha picha kwenye skrini, ni hitilafu. Ruhusa ya namna hiyo ifungwe kwenye jina la jaribio. Logi ghafi, vyovyote vile, ihifadhiwe nzima.

Mipaka ya majaribio nayo inasumbua kuliko ruwaza. IGT huandika `[IGT] kms_flip: starting subtest` ndani ya logi ili tujue mstari ni wa nani, lakini kerneli kwa kawaida hubana kasi ya programu zinazoandika humo, na mistari hiyo ya mipaka inaweza kupotea. Washa kompyuta kwa kigezo cha kerneli `printk.devkmsg=on`, kinachoondoa ubanaji huo. Ukiwa na `drm.debug=0xe`, kinachofanya draiva iandike maelezo mengi, bafa ya logi hujaa upesi; msomaji aliyechelewa hupata kosa la EPIPE, na mistari iliyofutwa hairudi. Ongeza `log_buf_len=4M`, na EPIPE yoyote irekodiwe kama pengo, isichukuliwe kuwa ni ukimya.

Mwisho, WARN_ON_ONCE, onyo lililoandikwa ndani ya msimbo wa kerneli, husema mara moja tu tangu kompyuta kuwaka. Ikimezwa kwenye jaribio la tatu, la mia litaonekana safi. Kabla ya kila jaribio andika 1 kwenye /sys/kernel/debug/clear_warn_once, ili maonyo hayo yaweze kutoka tena. Mkaguzi wa kufuli hana dawa hiyo: akisharipoti hujizima. Ndiyo maana igt_runner ina chaguo la `--abort-on-monitored-error`, la kusimamisha majaribio hali kama hiyo ikitokea. Ikisimama, washa kompyuta upya kabla ya kuendelea na majaribio yaliyobaki.