Msumeno wa Petroli Nyumbani: Kabla ya Kufungua Kabureta

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote: mafundi wenzangu, wenye mashamba mliotoka Kisauni na Likoni, na vijana ambao kazi yenu ni kupogoa miti majumbani. Nimeombwa nizungumze juu ya kutunza na kutengeneza msumeno mdogo wa petroli, huu ambao wengi wetu tunauita pawasoo, na nitaegemea jambo moja. Misumeno mingi inayofikishwa karakana huku mwenyewe akisema imekufa haina ugonjwa wowote ndani ya injini. Tatizo liko kwenye mafuta, kwenye uchafu au kwenye mnyororo butu, na mtu mwenye bisibisi, tupa na subira anaweza kulimaliza barazani kwake. Injini huja kuharibika baadaye, pale mwenyewe anapokimbilia kufungua kabureta na kuzungusha kila skrubu anayoiona.

Nianze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo penye hasara kubwa. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili. Haina oili inayokaa chini yake kama ile ya bodaboda, kwa hiyo kila tone linalolainisha pistoni na beringi husafiri ndani ya petroli yenyewe. Anayetia petroli tupu huenda akaona msumeno unawaka na kulia vizuri, lakini haitachukua muda kabla pistoni haijaanza kukwaruza silinda, na hapo hakuna tena dawa ya bei rahisi. Kiwango cha kuchanganya huandikwa kwenye kitabu cha mashine, na mara nyingine karibu na kifuniko cha tangi. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja au 100 kwa lita tano, na mingine hutaka 1 kwa 25, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Msipime kwa kifuniko cha soda. Bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, hupatikana katika duka lolote la dawa, na kazi hiyo linaifanya bila ubishi.

Hapa pwani tuna mtego wetu wenyewe. Wavuvi wenye mashine za boti za mipigo miwili hutumia oili iliyoandikwa TC-W3, na kwa kuwa ipo karibu, jirani humwazima jirani na kuitia kwenye msumeno. Oili hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Msumeno hupozwa na upepo wa feni yake, na silinda yake hupata joto kali zaidi, kwa hiyo tafuteni oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, yenye alama kama JASO FD kwenye chupa. Kuhusu petroli ya chupani kando ya barabara sina mengi ya kusema. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye mafuta ya magari ulikuwa tatizo kubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kuuzuia. Nunueni kituoni.

Petroli pia huzeeka. Baada ya mwezi mmoja hivi sehemu zake nyepesi huwa zimepotea hewani, na inayobaki huanza kuacha utando unaonata ndani ya vitundu vya kabureta ambavyo ni vyembamba kuliko uzi. Wengi wetu huweka msumeno kando kaskazi nzima, kisha kusi inapovuma na tawi la mwembe kuangukia paa tunaukimbilia na kuvuta kamba mpaka bega linauma. Kama hautatumika kwa majuma kadhaa, mwageni mafuta ya tangi ndani ya mtungi, kisha uwasheni uungurume mpaka uzimike wenyewe. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, basi mnyororo nao utolewe, usafishwe na upakwe oili, la sivyo mtaukuta umeota kutu na viungo vimekakamaa.

Sasa tuseme msumeno umekataa kuwaka. Kabla ya chochote, fungueni plagi na kuitazama. Ikiwa imelowa petroli, injini imekunywa kupita kiasi: zimeni swichi, rudisheni choki, vuteni kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili mafuta yatoke, ikausheni na kuirudisha. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kichujio kidogo kilichomo ndani ya tangi, kwenye ncha ya mpira. Kivuteni kwa kipande cha waya kilichokunjwa ncha, mkague na mpira wenyewe kama umepasuka. Nafasi ya plagi kwa kawaida ni milimita 0.5. Plagi mpya ni rahisi kuliko mjadala, kwa hiyo nyumbani iwepo moja ya akiba.

Upo ugonjwa mmoja unaowadanganya hata mafundi. Msumeno unawaka vizuri, unafanya kazi dakika chache, unafifia na kuzima. Ukipumzishwa kidogo unakubali tena. Legezeni kifuniko cha tangi wakati unapofifia. Mkisikia hewa ikifyonzwa ndani na injini ikapata nguvu, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba, na mafuta yalikuwa yanazuiwa na ombwe. Ni kusafisha tu. Kwa upande mwingine, msumeno unaowaka lakini hauna nguvu mara nyingi umezibwa chujio la hewa, au kile kiwavu kidogo cha ekzosi kimejaa masizi. Chujio huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuachwa likauke kabisa. Kiwavu huondolewa na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Mkiwa hapo hapo, ondoeni kifuniko cha juu na kuchokoa unga wa mbao ulioshindiliwa kati ya mapezi ya silinda, kwa sababu mapezi yakizibwa upepo wa feni haupiti na injini hujichemsha.

Mkiyamaliza hayo yote na msumeno bado unasumbua, ndipo tuitazame kabureta. Kabureta ya msumeno haina boya kama ya pikipiki. Ina utando mwembamba wa mpira unaovuta mafuta hata msumeno ukiwa umelala ubavu au umepinduka, na utando huo ukikakamaa kwa uzee hauwezi tena kusukuma vizuri. Vifaa vya kubadilisha tando na gasketi huuzwa kwa seti. Skrubu yenye herufi L hurekebisha mafuta ya mwendo wa chini na yenye H mwendo wa juu. Hiyo ya H naomba muiheshimu, maana kuikaza ili injini ilie kwa sauti nyembamba ya kupendeza ni kupunguza mafuta, na kupunguza mafuta ni kupunguza oili pia. Baada ya marekebisho yoyote, hakikisheni mnyororo umetulia tuli injini inapounguruma bila kukanyagwa. Ukizunguka wenyewe, msumeno huo haufai kuinuliwa mbele ya mtu.

Nakuja kwenye mnyororo, na hapa nitakaa, kwa kuwa mnyororo butu nao huua injini, kama petroli mbaya. Dalili ipo miguuni mwenu: mnyororo mkali hutoa maranda, vipande vinavyoonekana, mnyororo butu hutoa unga, na mkataji huanza kuukandamiza msumeno kwa uzito wa mwili wake. Jino la leo lilipata umbo lake kwa mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, aliyemtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo mwaka 1946 na kuanza kuuza mnyororo wa aina hiyo mwaka 1947. Kinachokata ni ile kona ya juu ya jino, na kona hiyo ikiviringika hata kidogo, jino zima huwa mzigo.

Na mnazi wetu huimaliza kona hiyo upesi. Ukingo wa shina la mnazi uliokomaa unaweza kupita kilo 600 kwa mita ya ujazo, ilhali moyo wake ukawa chini ya 400, kwa hiyo mnyororo huanza kwa kusaga mahali pagumu kuliko pote. Ongezeni mchanga. Minazi iliyo karibu na ufuo huwa na mchanga ndani ya vidato ambavyo wagema wamevichonga kwa ajili ya kupandia, na kidato kimoja chenye mchanga kinatosha kuharibu meno yote kabla hujafika katikati. Pigeni shina brashi ngumu, chagueni mahali kati ya vidato viwili, na tafuteni misumari ya zamani kwa macho na kwa vidole.

Kunoa kunataka tupa ya mviringo yenye kipenyo sahihi: kwa mnyororo wa inchi 3/8 (kipimo cha nafasi ya viungo vyake), ule mwembamba wa misumeno midogo, ni milimita 4.0, na kwa wa inchi .325 ni 4.8. Kwanza toeni kofia ya plagi, vaeni glavu, na ubaneni ubapa, yaani ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo. Anzeni na jino lililoisha zaidi, kwa kuwa ndilo litakaloamua urefu wa mengine. Tupa isukumwe kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na iinuliwe wakati wa kurudi. Mkimaliza upande mmoja, geukeni upande wa pili kwa idadi ile ile ya misukumo; msumeno unaokata kwa kupinda mara nyingi una meno ya upande mmoja mafupi. Kile kidole kilicho mbele ya jino, kinachoamua jino lizame kiasi gani, huachwa chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Kikaguliwe kila baada ya kunoa mara tatu au nne kwa tupa bapa. Anayekipunguza ovyo ili msumeno ukate haraka hupata msumeno unaoruka, na ncha ya juu ya ubapa ikigusa mti, humrudia usoni.

Kila mnaponoa, pindueni ubapa upande wa pili na kusafisha mfereji wake. Mnyororo ukazwe ukiwa baridi: uvutike kwa mkono bila kukwama, na usining'inie chini. Ukikazwa ukiwa moto na kuachwa hivyo, hunywea unapopoa na kuvuta ekseli ya injini. Oili ya mnyororo isiwe oili chafu iliyomwagwa kutoka gari, kwani ina chembe za chuma na haifai ngozini. Kuipima pampu, elekezeni ncha kwenye karatasi na kuongeza mwendo; mstari wa oili ukionekana, pampu ni nzima.

Yanayobaki ni ya fundi: sili za kranki zinazovuja, beringi, na pistoni. Hata hivyo mnaweza kujua mapema kama mmefika huko, kwa kufungua ekzosi na kuchungulia pistoni kupitia tundu lake. Pistoni yenye michirizi ya wima ilikosa oili au ilipata hewa kupita kiasi, na fundi asiyewaeleza ni lipi kati ya hayo kabla ya kutia pistoni mpya atawarudisha kwake mwezi ujao. Msumeno huu ulio mezani una michirizi hiyo na ekzosi yake nimeshaifungua. Sogeeni muitazame, kisha nitapokea maswali.