Macho Mekundu kwa Ng'ombe wa Nyama: Mhadhara kwa Wafugaji wa Simanjiro

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, na vijana mliotoka malishoni, nawasalimu sana.

Nianze na chozi, maana ugonjwa huu huanza na chozi. Ng'ombe anashinda amefumba jicho moja, anakwepa jua, na shavuni ana mchirizi wa maji ulionasa vumbi. Weupe bado haujaonekana, kwa hiyo tunampita. Siku chache baadaye doa jeupe limetokea katikati ya jicho, ndipo tunahangaika kutafuta dawa. Ombi langu kubwa leo ni hili: tutibu siku ya chozi, tusingoje weupe.

Anayeleta ugonjwa ni bakteria aitwaye Moraxella bovis. Hujishikiza kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na sumu yake hukila kioo hicho mpaka kinafanya kidonda. Jua kali, vumbi na nyasi kavu hukwaruza jicho na kumpa nafasi. Nzi ndiye mchukuzi: akinywa chozi la ndama mgonjwa, anahamia kwa mzima na vijidudu miguuni. Ng'ombe aliyepona naye anaweza kuvibeba machoni na puani kwa miezi, ndiyo maana zizi lililougua mwaka jana linaugua tena. Ndama huumia kuliko wakubwa. Zebu wetu, ng'ombe wa asili wenye nundu, huvumilia zaidi ya chotara wa kizungu, lakini nao wanaugua.

Kabla ya sindano, tazameni. Mfunge vizuri, funua kope kwa kidole gumba, mulika kwa tochi. Pengine utakuta mbegu ya nyasi imejificha nyuma ya kope. Isafishe kwa maji ya dripu, na hapo umemaliza nusu ya kazi. Pengine ni minyoo myeupe, myembamba kama uzi. Pengine swila, nyoka anayetema sumu, amemtemea usiku.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi wa vijiji vinavyopakana na mbuga. Nyumbu wakizaa kwenye tambarare zetu, kati ya Januari na Machi, ng'ombe hupata ugonjwa wao, na huo pia huleta weupe machoni. Utautofautishaje? Weupe wa ugonjwa wa nyumbu huanzia ukingoni ukielekea katikati, kwa kawaida macho yote mawili, na mnyama ana homa kali, kamasi nzito, tezi zimevimba, na amekataa kula. Macho mekundu huanzia katikati, mara nyingi jicho moja, na ng'ombe anaendelea kula japo kidogo. Wa nyumbu hauna tiba, na karibu kila anayeugua hufa. Ukiuhisi, mwite mtaalamu, usimalizie fedha yako kwenye sindano.

Kwa macho mekundu, OTC, yaani sindano ya oksitetrasaiklini inayoua bakteria, ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, inafanya kazi vizuri ikiwahi. Ni mililita 1 kwa kila kilo 10. Dume la kilo 250 linapata mililita 25, na usizidumbukize mahali pamoja: gawa sehemu tatu, zote shingoni. Mkichoma pajani mnaharibu nyama ya bei. Kisha someni kibandiko cha dawa mjue ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja. Kumpeleka mnadani kabla ya siku hizo ni kumlisha mwenzako dawa bila yeye kujua, na hilo silikubali hata kidogo.

Chumvi, tumbaku, majivu: tuviache, tafadhali. Kidonda cha jicho kinauma mno, na vitu hivi vinakichimba zaidi. Matone yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo ni hatari, kwa sababu huzuia kidonda kupona. Mnyama akikaa kivulini anapata nafuu kubwa. Asiye na kivuli achukue kipande cha suruali kuukuu ya jinzi, akigandishe kwa gundi kwenye manyoya kuzunguka jicho, na aache upande wa chini wazi ili machozi yatoke. Nzi hafiki, jua halifiki, na baadaye kitambaa hudondoka chenyewe.

Mkiona mishipa myekundu inatambaa kutoka ukingoni kuelekea kidonda, msiogope. Hiyo ni damu inakwenda kukarabati. Kupona huchukua wiki tatu hadi tano, na wengine hubaki na doa jeupe. Doa hilo ni kovu, halitibiki kwa sindano, ingawa naona wengi wetu bado tunachoma tu.

Ndama mgonjwa atengwe. Ondoeni samadi zizini, maana nzi huzaliana humo, na dawa ya kuogeshea ya jamii ya pairethroidi hupunguza nzi pamoja na kupe. Anayemshika mgonjwa anawe mikono na asafishe kamba kabla ya kumgusa mwingine.

Maswali tutayajibu pale kwenye kibanio cha ng'ombe. Kuna mtamba anatoa chozi tangu asubuhi. Vijana, mleteni, kila mmoja amfunue kope mwenyewe.