Mwea: mtaro ulichimbwa na nani, kichocho kikampata nani

Haya, asanteni sana, tukae tuanze manake tukichelewa hapa jua litatupata. Nimeitwa niongee juu ya utafiti wa afya, miundombinu na historia ya siasa, na shida ni kwamba hawa watu watatu huwa hawaongei, yule wa afya ako mtoni anahesabu konokono, injinia anapima maji, mwanahistoria amejifungia na mafaili yake, kila mtu na ripoti yake. Sasa mimi leo nawapeleka Mwea, huko Kirinyaga, kwenye pishori yenu inatoka, muone venye hawa watatu wasipokutana wote wanatoka na hadithi nusu.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1952 hali ya hatari inatangazwa, maelfu ya watu wanatiwa kambini kwa ajili ya Mau Mau, na si kuketi tu, ni kazi. Uwanja wa ndege wa Embakasi ni jasho lao. Perkerra kule Baringo, Hola kule Tana, Mwea kuanzia 1954, hiyo mitaro yote ilianza na mikono ya wafungwa wa hali ya hatari.

Hola mnaijua, lakini kuna kipande watu hupita haraka. Machi 1959 wafungwa 11 wanapigwa mpaka wanakufa juu ya kukataa kazi ya kuchimba, halafu taarifa ya kwanza ya serikali inasema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Yaani mtu amekufa kwa marungu, anaandikiwa kifo cha maji! Ni uchunguzi wa maiti ndio uliwaumbua. Kwa hivyo nyinyi wanafunzi wa afya ya umma, mkishika rekodi ya kambi msiitupe, kwa mfano homa ya matumbo ilizuka kweli pale Manyani 1954, msongamano na uchafu ndio uliileta, lakini kabla hujaingiza namba kwa kompyuta yako uliza nani alishika kalamu. Mafaili mengine Waingereza waliyaficha Hanslope Park, ghala la serikali yao huko Uingereza, hadi 2011 ndio yakatoka, na 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee na akina mama 5,228 walioteswa wakati ule.

Sasa uhuru umekuja, mtaro bado ni ule ule. 1966 inaundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na mkulima wa Mwea ni mpangaji, anapewa ekari 4 kwa leseni, mchele wote anapelekea bodi, bodi inakata gharama zake kwanza, anabakishiwa magunia ya kula. Ukikosana nao leseni inaenda. Na nyumba zimepangwa kwa vijiji kando ya mashamba, maji yaliyo karibu ni ya mtaro, basi huko ndiko mama anafua, watoto wanaogelea, punda anakunywa na jerikeni zinajazwa.

Hapo ndipo kichocho kinaingia, kile cha matumbo. Mayai yanatoka na choo cha mgonjwa, yakifika majini yanaangua, kidudu kinatafuta konokono, kinazaana ndani yake, kisha vinatoka vingi vinaelea vikingoja mguu, na vinatoboa ngozi bila wewe kusikia kitu. Konokono mwenyewe anapenda maji ya polepole yenye majani, na ukisimama kwa mtaro mdogo wa kulisha shamba utaona ndiyo hayo hayo tumemtengenezea. Unaweza kumpa mtoto vidonge vya prazikwanteli leo shuleni, apone kabisa, na Jumamosi arudi kwa mtaro ule ule kwa sababu nyumbani hakuna maji ya bomba.

Sasa malaria ndiyo itawachanganya. Watafiti walipohesabu mbu Mwea walipata wale wa malaria kwa vijiji vya mpunga ni kati ya mara 30 na 300 zaidi kuliko vijiji visivyo na umwagiliaji, lakini wagonjwa wa malaria wakawa wachache huko kwa mpunga! Mbu wa pale, arabiensis, anapenda damu ya ng'ombe, na Mwea ng'ombe wa kulima matope wako kila boma. Mimi naongeza, mwenye mpunga ana pesa ya dawa na neti, yule wa shamba kavu pale juu hana. Lakini usikimbie kusema basi mpunga ni dawa, trekta likichukua kazi ya ng'ombe mbu atauma nani?

1998 wakulima wakachoka, wakakataa kupeleka mchele kwa bodi, wakaanza kuendesha mambo kupitia ushirika wao. Wengi huandika hiyo kama hadithi ya bei tu. Mimi naiona pia kama hadithi ya afya, manake anayeshika mlango wa maji ndiye anaamua mtaro ukauke lini, na mtaro ukikauka konokono wengi hufa.

Na Oktoba 2022 bwawa la Thiba limefunguliwa, mita za ujazo milioni 15.6, ili mpunga ulimwe misimu miwili. Nafurahi, msininukuu vibaya, wakulima wamelingoja hilo bwawa miaka na miaka. Ila maji yakikaa mtaroni karibu mwaka mzima konokono naye amepata msimu wa pili. Kwa hivyo mkiitwa kwa kikao cha maji huko, ulizeni ratiba ya kufunga mitaro imepangwa na nani, na mtu wa afya wa kaunti aliitwa ama hakuitwa.

Haya, maswali. Naanza na yule mama wa leso ya kijani.