Kisima Kipimwe Kabla ya Muhtasari Kusainiwa: Vijiji na Taka za Urani

Waheshimiwa madiwani, ndugu wenyeviti na watendaji wa vijiji, habari za asubuhi.

Zikitajwa taka za nyuklia, wengi tunawaza vinu vya umeme wa nyuklia, na hapa Tanzania hatuna hata kimoja. Lakini urani imetafutwa Bahi na Manyoni, na mgodi wa urani huacha taka palepale ulipochimbwa. Urani ikishachenjuliwa inasafirishwa. Thoriamu na radiamu, elementi zinazotoa mionzi, zinabaki kwenye bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji, pamoja na takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo kwenye mwamba. Radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600. Mwekezaji hatakuwepo.

Wenzetu wa Uswidi, walipotafuta mahali pa kuzika taka za nyuklia, waliruhusu manispaa zitumie fedha za mfuko wa taka hizo kuajiri wataalamu wao wenyewe. Manispaa ya Malå ilikataa kwa kura ya maoni mwaka 1997, watafiti wakafungasha. Ufini, baraza la manispaa ya Eurajoki lilikuwa na kura ya turufu kisheria, yaani uwezo wa kuzuia taka zisizikwe kwao. Mwaka 2000 likakubali kwa kura 20 dhidi ya 7. Anayeweza kukataa ndiye anayesikilizwa.

Kwetu je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji uamuzi pale ardhi inayohamishwa isipozidi hekta 250. Ikizidi, anaamua Waziri, na mgodi wenye bwawa lake huzidi kirahisi. Ila sheria hiyohiyo inasema ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna na wakati wa kulipwa vikubaliwe. Hapo ndipo pa kubana. Masharti yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Ahadi ya mdomo jukwaani haina kesi.

Sharti la kwanza liwe maji. Visima vya ukanda wenye urani vinaweza kuwa na urani ya asili hata kabla ya mgodi. Msipopima mapema, miaka kumi baadaye kampuni itasema "ilikuwepo tangu zamani", nanyi hamtakuwa na la kujibu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza urani kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 30 kwa lita.

Kupima kuna mitego. Pampu itoe kwanza maji yaliyolala kwenye bomba. Sampuli ichujwe kwa chujio la mikromita 0.45, kisha ndipo itiwe asidi ya nitriki hadi pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2. Asidi ikitangulia, itayeyusha urani iliyo kwenye tope na jibu litapanda kwa uongo. Isipotiwa kabisa, urani hunata kwenye kuta za chupa na jibu hushuka. Fundi wa maabara afanye, mjumbe wa kijiji ashuhudie na kusaini lebo. Kila kisima kitoe chupa mbili: moja kwa maabara ya mwekezaji, nyingine kwa maabara mliyoichagua ninyi, gharama zote akilipa yeye.

Rudieni mara mbili kwa mwaka: Oktoba ardhi ikiwa kavu, na Aprili mbuga ya Bahi ikiwa imejaa. Nakala za majibu zibaki ofisi ya kijiji, ya kata na ya wilaya.