Anzia Mlimani, Urudi Uwanjani: Mhadhara juu ya Safari ya Gari kutoka Denver hadi Milima ya Rocky

Habari za jioni. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaniangalia kwa lile jicho la mtu anayenijua, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Wiki hii baadhi yenu mlinionyesha mipango yenu ya safari ya Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Nimeisoma yote. Karibu kila mpango unaanza na mstari uleule: "Siku ya kwanza: kutua Denver, kuchukua gari, kuelekea milimani." Jioni hii nakuja kuwaomba mfute mstari huo. Nawaomba pia mpango wenyewe muugeuze, uanze kule juu, kwenye sehemu ya barabara iliyo juu kuliko zote, ndipo mrudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlango wa ndege. Tiketi iwe kitu cha mwisho kununua.

Mimi nilianza na tiketi. Niliiona ya bei nzuri, katikati ya Mei, nikainunua usiku uleule. Nikatua Denver alasiri, nikapanga foleni ya gari, na saa kumi na mbili jioni nikawa barabarani. Kwa saa za mwili wangu, uliotoka Afrika Mashariki, hiyo ilikuwa saa tisa usiku. Simu ikanielekeza kwenye barabara pana, tupu, nzuri ajabu. Nikajisifu kwa kuikwepa foleni. Ilikuwa E-470, barabara ya kulipia isiyo na kibanda wala mtu wa kupokea pesa. Kamera hupiga picha namba ya gari, na bili huenda kwa mwenye gari, naye hukuongezea ada yake juu. Wiki kadhaa baadaye nikaiona kwenye kadi. Kumbe Peña Boulevard, inayotoka uwanjani hadi barabara kuu ya I-70, hailipiwi.

Lakini hilo ni dogo. Nilifika Estes Park, mji mdogo wa milimani, usiku sana, kichwa kinagonga kama ngoma, na asubuhi mwenye nyumba akaniuliza kwa upole nilikuwa nimekuja kufanya nini. Nikamwambia: kupita Trail Ridge Road. Akanyoosha kidole dirishani. Barabara niliyovuka bahari kuifuata ilikuwa bado chini ya theluji.

Sasa tuanze na barabara hiyo, maana ndiyo inayopaswa kuushika mpango mzima. Trail Ridge Road iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, iliyoanzishwa mwaka 1915. Inaunganisha Estes Park upande wa mashariki na Grand Lake upande wa magharibi, kilomita 77 hivi. Kilomita kama 18 kati ya hizo ziko juu ya mstari wa miti, mahali ambapo hakuna mti unaoweza kusimama, ni nyasi fupi, mawe na upepo. Sehemu yake ya juu kabisa iko mita 3,713 juu ya usawa wa bahari. Waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa upesi: hicho ni kimo cha kambi ya Horombo. Horombo mtu huifikia siku ya pili, kwa miguu, mwongozaji akimwambia "pole pole" mpaka neno linamchosha. Trail Ridge unafika kimo hicho umekaa kwenye kiti, redio inaimba, asubuhi moja tu baada ya kutoka mjini. Hakuna wa kukwambia pole pole. Ndiyo maana nasema lazima uiandike mwenyewe kwenye mpango.

Kwa kawaida barabara hii hufunguliwa mwishoni mwa Mei, na hufungwa katikati ya Oktoba. Nimesema kwa kawaida. Theluji haisomi kalenda. Ikifungwa, kutoka Estes Park kwenda Grand Lake unalazimika kushuka tena bondeni, kuizunguka milima na kuipanda upya kupitia Berthoud Pass, pengo la mlimani ambamo barabara hupita, mwendo wa karibu saa tatu kwenda mahali ambapo kwenye ramani panaonekana ni jirani tu. Kwa hiyo kama Trail Ridge ndiyo roho ya safari yako, tarehe zako ziko kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Mimi mwenyewe napenda wiki ya mwisho ya Septemba, majani ya miti ya aspen yanapogeuka manjano, mteremko mzima unawaka. Jambo jingine: tangu mwaka 2020 hifadhi hiyo imekuwa ikitumia utaratibu wa kuweka nafasi ya muda wa kuingia katika miezi ya msimu. Angalieni kanuni za mwaka mnaokwenda kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe, kabla ya tiketi ya ndege, narudia, kabla.

Kutoka kileleni tunarudi nyuma: usiku wa kabla yake ulale wapi? Hapa ndipo watu wanapoharibu. Denver yenyewe iko mita 1,609. Wenzetu wa Nairobi naona wanatabasamu, wao wanaishi juu zaidi ya hapo. Sawa, mna nafuu. Sisi wa pwani hatuna. Dalili za ugonjwa wa kimo, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukatika, huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, na haziangalii umri wala mazoezi ya mtu. Basi usiku wa kwanza lala Denver. Usiku wa pili lala Estes Park, mita 2,290 hivi. Siku ya tatu ndipo upite juu, kisha ushuke kulala Grand Lake, mita 2,550. Mnaona ngazi hiyo? Mji wa Leadville, ulio juu ya mita 3,000, usiwe kitanda chako cha usiku wa kwanza hata kama hoteli yake ni rahisi. Kunyweni maji, pombe iacheni siku mbili za mwanzo, na kichwa kikizidi kuuma au mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, dawa ni moja: kushuka, tena mara moja, hata kama ni usiku.

Kulala Denver kuna faida nyingine ambayo haihusiani na hewa. Mtu aliyesafiri siku nzima na zaidi, saa zake zimerudi nyuma tisa, ni dereva mbaya. Na kama umezoea kuendesha upande wa kushoto, kule wanaendesha kulia. Jifunze kwenye mtaa mpana asubuhi, usijifunzie kwenye kona ya korongo gizani.

Hizo ni saa za mwili, halafu kuna saa za siku. Julai na Agosti, mawingu ya radi hujikusanya juu ya milima hiyo karibu kila alasiri. Juu ya mstari wa miti kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Mpango mzuri unasema: saa kumi na mbili asubuhi tuko langoni, saa nne tuko juu kabisa, saa sita mchana tumeshashuka kwenye miti. Na beba koti. Hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Denver ikiwa nyuzi 30, kule juu hesabu kama 16, kisha upepo nao ukate zake. Nimeona baba mzima amevaa ndala pale juu, anatetemeka na kamera mkononi, picha zote ukungu.

Sasa gari. Watu hupenda kuniuliza lazima liwe kubwa, lenye magurudumu manne yanayovuta? Kwa barabara za lami wakati wa kiangazi, hapana. Ninachotaka ni injini yenye pumzi na matairi mazuri. Kwenye kimo cha Trail Ridge hewa ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza kama theluthi ya nguvu zake, na gari dogo lililobeba watu wanne na masanduku linapanda likilalamika. Kwenye pampu mtakuta mafuta ya kawaida yameandikwa 85, yaani kipimo cha okteni. Ni mabaki ya zama za kabureta, ambazo kwenye hewa nyepesi ziliridhika nayo. Magari mengi ya leo yanataka 87, basi jazeni 87, tofauti ya bei ni ndogo. Na kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria: gari liwe na matairi yanayofaa theluji, au libebe minyororo au kifaa mbadala. Gari la kukodi halikuondolei wajibu huo. Muulize mwenye gari kabla hujasaini.

Kupanda si kazi. Wahenga walituambia mpanda ngazi hushuka, ila wao hawakushuka na gari la otomatiki lililojaa mizigo. Dereva wa tambarare hushuka mguu ukiwa umekaa juu ya breki. Breki zinapata moto, zinanuka, halafu zinalegea pale unapozitaka. Kwenye I-70 mtaona njia za kando zinazopanda kwenye lundo la changarawe. Hizo ni za malori ambayo breki zimekwisha, na hazikujengwa kwa mapambo. Mteremko ukianza, weka gia ya chini ili injini ishike gari, kisha kanyaga breki kwa vipindi: kanyaga, achia. Kama hujui gia ya chini iko wapi kwenye gari lile, jua kabla hujatoka kwenye maegesho. Na sheria ya Colorado kwenye njia nyembamba ambayo magari mawili hayapishani ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda.

Kutoka Grand Lake mnaweza kushuka hadi barabara ya US 40, mkavuka Berthoud Pass hadi I-70, kisha mkapita kwenye mahandaki ya Eisenhower na Johnson, yaliyochimbwa zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, la pili 1979. Baada ya hapo Leadville, kisha Independence Pass, mita 3,687, hadi mji wa Aspen. Nayo hufungwa majira yote ya baridi, na magari yenye urefu wa zaidi ya futi 35 hayaruhusiwi kabisa, kwa hiyo mnaoota lile gari-nyumba kubwa, oteni kingine. Kutoka Aspen mnashuka Glenwood Springs na kurudi mashariki kupitia Glenwood Canyon, korongo ambalo barabara yake ilikamilika mwaka 1992, kwa sehemu kubwa imening'inizwa juu ya nguzo ili isiuharibu mto Colorado. Kwangu hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote vya I-70.

Lakini sikilizeni. Mwaka 2020 moto wa msituni ulilifunga korongo hilo kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata mvua ikapiga miteremko ileile iliyoungua, tope na mawe yakashuka, likafungwa tena wiki nyingine mbili. Kwa hiyo kila siku ya mpango wenu iwe na njia ya pili iliyoandikwa, si ya kubuni pale pale, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mara tu mnapoingia makorongoni. Pakueni ramani usiku, mkiwa hotelini. Na msijaze kila siku. Katika siku saba, moja iachwe tupu. Ile tupu ndiyo huokoa zile sita.

Kuna anayeuliza kila mara kuhusu ile barabara ya Ouray hadi Silverton, wanayoiita Million Dollar Highway. Ni nzuri kupita maelezo, na sehemu zake kubwa hazina kingo za chuma upande wa shimo. Kingo zingezuia magari ya theluji kusukuma theluji nje. Iko kusini magharibi mwa jimbo, mbali. Kuichomeka kwenye safari ya wiki moja inayoanzia Denver ni kugeuza likizo kuwa kazi ya udereva. Iwekeni kwa safari nyingine, mkitua uwanja wa karibu zaidi.

Mwisho, siku ya kurudi. Ndege inaondoka Jumapili jioni, na ninyi asubuhi mko Glenwood Springs, ramani inasema saa tatu hadi uwanjani. Hiyo ni hesabu ya Jumanne. Jumapili alasiri Denver nzima inarudi kutoka milimani kwa barabara hiyohiyo moja, na mbele ya handaki magari husimama mkia kwa mkia. Usiku wa mwisho laleni upande wa mashariki wa milima. Uwanja wenyewe uko kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji, tambarare tupu, paa lake jeupe lina ncha kama mahema mtaliona toka mbali. Jazeni mafuta kabla hamjaufikia.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, dada, uliza, na kama ni kuhusu safari na watoto wadogo, jibu langu linaanza na Grand Lake.